Gitaa Halina Pensheni

Kila jioni, saa kumi na moja hivi, natoa kiti changu cha plastiki kibarazani, nakielekeza milima ya Uluguru, naanza kazi. Kazi yenyewe ni kujuta. Tangu nistaafu ndiyo niliyonayo. Haina mshahara wala likizo, lakini nimeizoea kiasi kwamba mvua ikinikatisha naona siku haijaisha.

Nina ratiba. Naanza na kiwanja cha Kihonda. Mwaka 1991 mzee mmoja alitaka kuniuzia kiwanja huko kwa bei ya redio ya kaseti. Nikaenda kukikagua kama mtu mwenye akili zake. Nikakuta mbigili, vumbi, na mbuzi mmoja aliyeonekana kujuta kufika pale. Nikamuuliza mzee, "Huku nani atakuja kuishi?" Nikanunua redio. Leo treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inashusha watu upande huohuo wa Kihonda, na pale alipokuwa amesimama mbuzi pamesimama ghorofa yenye geti la umeme. Redio ilimeza kaseti yangu ya mwisho mwaka 1994, ikafa nayo.

Nikitoka Kihonda naingia kwenye maji. Mbele yangu mlima umelowa, mawingu yameikalia Bondwa mpaka minara ya kileleni haionekani, na mimi nina ndoo tatu tupu uani kwa sababu bomba lilikohoa mara ya mwisho Jumapili. Hata maji ya Uluguru yamenizidi akili: yanaingia Mto Ruvu, yanateremka Dar kutafuta maisha. Mimi nilipata uhamisho wa kwenda Dar mwaka 1998, nikaukataa kwa sababu ya joto.

Giza likianza kuingia nafika kwenye gitaa. Gitaa naliweka mwisho, kama mnofu.

Nimezaliwa mwaka 1962, katika mji uliokuwa unalala saa nane usiku kwa sababu ya muziki. Utotoni nilikuwa nabana sikio kwenye ukuta wa ukumbi, kwa kuwa kiingilio sina, namsikiliza Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, na baadaye akiwa na Super Volcano yake. Nikajifunza gitaa kwa kuazima. Mwaka 1982 bendi moja ndogo, ambayo haikuwa na jina lakini ilikuwa na sare, ikataka kunichukua nipige rithimu.

Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, anapewa finyango nzuri, lakini likija jambo la maana watu wanageuka kumtafuta mjomba. Basi mjomba wangu akateremka kutoka Mgeta, amekaa juu ya magunia ya kabichi kwenye Land Rover isiyo na mlango wa nyuma, akafika na fimbo na sentensi moja: "Gitaa halina pensheni."

Nikamtajia Mbaraka. Akaniuliza, "Huyo Mbaraka yuko wapi?" Mbaraka alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, mwaka 1979. Nikakosa jibu. Wiki iliyofuata nilikuwa karani wa masjala, nikaandika "rejea jalada tajwa hapo juu" mpaka nikatimiza miaka 60.

Leo ninayo hiyo pensheni. Wastaafu wenzangu waliokutana na kikokotoo cha mafao hawahitaji maelezo zaidi. Mjomba ametangulia mbele ya haki. Angekuwepo, ningemwonyesha karatasi ya malipo, tukalia pamoja.

Msikilizaji mkuu wa ratiba hii ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyesomea ualimu na kukaa miaka minne akisubiri ajira. Anakuja jioni na ndizi mbivu za Kinole, anasema "Shikamoo mjomba," naitika marahaba, anakaa ngazini, anavumilia kuanzia Kihonda hadi kwenye gitaa. Siku moja aliniachia nimalize, akasema, "Mjomba, wewe unahitaji riwaya."

"Nahitaji maji," nikamwambia.

Akaanza kunihadithia kitabu cha Mwingereza mmoja, Matt Haig, kilichotoka mwaka 2020 na kusomwa duniani kote. Kinaitwa The Midnight Library, yaani maktaba ya usiku wa manane. Dada mmoja, Nora, amekata tamaa na maisha yake. Anajikuta kwenye maktaba isiyo na mwisho, na kila kitabu rafuni ni maisha ambayo angeishi kama angechagua vingine. Anafungua kimoja, anayaonja. Hayakumpendeza, anarudi kuchukua kingine.

Nilikasirika. Kuonja! Nani anaruhusiwa kuonja? Pale Soko la Chifu Kingalu ukionja chungwa la mtu bila kununua utaimbiwa mpaka stendi ya Msamvu. Na usiku wa manane hapa Morogoro haufungui maktaba. Utakutana na mbwa, na mlinzi anayekuuliza unatoka wapi. Zaidi ya hayo kitabu chenyewe kilikuwa ndani ya simu yake, na mimi simu naiona vizuri ikiwa imezimwa.

Hayo yalikuwa kabla ya barua.

Barua ya ajira ilitoka mwezi uleule. Miaka minne kimya, halafu ghafla: mpwa wangu amepangiwa shule ya sekondari Ukerewe, na aripoti ndani ya siku 14. Dada yangu akaichapisha mtaani, akaja nayo mkononi anatetemeka. Ukerewe ni kisiwa! Unakwenda hadi Mwanza, halafu unapanda meli kwenda Nansio. Akanitajia MV Bukoba iliyozama 1996, akanitajia MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara 2018, machozi yakamlengalenga, na kwa hilo sikuwa na utani. Akamaliza kwa sentensi ambayo Waluguru wamekuwa wakiisema tangu mlima ulipoota: "Wewe ndiye mjomba. Sema."

Nikasema nitafikiri. Nikaiweka barua kwenye droo ya meza, juu ya risiti za umeme, nikafunga kwa ufunguo. Nilikuwa nimeshaamua, kusema kweli. Hapa mjini kulikuwa na shule moja ya binafsi inatafuta mwalimu wa muda. Mshahara mdogo, lakini karibu na mama yake. Ningeiacha barua izeeke droo ile siku 14, halafu niseme, "Mungu hakupenda." Mjomba mwenye busara hakatazi. Anachelewesha.

Siku ya pili mpwa akaja, hakuuliza habari ya barua hata kidogo. Alinipa kitabu cha karatasi, alichokinunua kwa muuza vitabu chakavu kandokando ya barabara kwa shilingi 4,000. Jalada limeshikwa na selotepu. Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971.

Nilikuwa nakijua kwa sifa. Sisi tuliosoma enzi zile tulikijua kama kitabu kilichopigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo tulikitafuta kwa bidii kuliko vyote vilivyoruhusiwa. Watu wazima waliogopa wasichana wasije wakayasoma mambo ambayo wasichana wenyewe walikuwa wanayapitia. Sikuwahi kukipata. Hilo nalo ningeweza kuliweka kwenye ratiba, baina ya maji na gitaa.

Kitabu kilikuwa kimewahi kumilikiwa na mwanafunzi mwenye hofu. Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: HII ITATOKA. Ukurasa wa kwanza, HII ITATOKA. Unaofuata, HII ITATOKA. Mahali pengine mvua ilinyesha tu kwenye hadithi, naye ameandika HII ITATOKA. Nikamwonea huruma. Alijiandaa kwa kila kitu, na nina hakika mtihani ulikuja na kitu kingine.

Kwa wasiokisoma, Rosa ni msichana wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe. Ndiyo, Ukerewe. Nilipoliona jina hilo nikajua mpwa wangu hakuokota kitabu. Mama yake Rosa anaitwa Regina, mwanamke wa kuvumilia. Baba yake ni Zakaria, mlevi aliyeshindwa kuitunza nyumba lakini akaamua kuwatunza mabinti kwa fimbo. Rosa anakua akiwaogopa wanaume kwa sababu ya baba. Anapotoka nyumbani kwenda kusoma, uhuru unamwangukia kama maji ya gharika, hajui kuogelea. Na katika safari hiyo anafika wapi? Morogoro. Chuo cha ualimu. Wazee wa hapa ukitamka "chuo cha ualimu" shingo inageukia Kigurunyembe yenyewe. Na mtu aliyepaswa kumlinda pale chuoni, mkuu wa chuo wa kwenye hadithi, ndiye anayemtaka.

Nilisoma siku tatu kibarazani. Siku ya kwanza nilipata faraja ya bei rahisi, ile ya "afadhali mimi". Mimi nimekosa kiwanja tu. Huyu binti anakosa maisha. Faraja ya namna hii inafanana na kushiba kwa harufu ya pilau ya jirani. Ikifika usiku tumbo linauliza.

Siku ya pili jirani yangu, fundi cherehani, akasimamisha mashine yake akaja kuuliza ninasoma nini. Huyu bwana nimemwonea wivu tangu 1982. Mwaka ule mimi nilipoburutwa kwenda masjala, yeye alichukuliwa kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kiwanda kweli! Mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za kisasa, na mpango wa kuuza viatu Ulaya. Miaka yote nilijiambia: ningekwenda kule, leo ningekuwa mtu.

"Ulinionea wivu mimi?" akacheka mpaka akakaa. Kiwanda kile kilijengwa kwa kuta za alumini bila njia ya hewa, katika mji ambao Januari hata kivuli kinatafuta kivuli. Hakikufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Ulaya haikuvaa hata jozi moja. Mwaka 1990 kikafungwa. "Mimi nilijuta kwenda, wewe ukajuta kutokwenda," akasema, "na wote tumekuja kukaa kwenye kibaraza hikihiki, tunaangalia bomba lisilotoa maji."

Akaniongezea Salum Abdallah. Husimuliwa kwamba ujanani alipagawa na muziki wa Cuba, akatoroka nyumbani ili aende hukohuko Cuba. Akafika Mombasa. Vita Kuu ya Pili ikamfungia njia, akarudi Morogoro mikono mitupu. Mwaka 1948 akaanzisha bendi ya La Paloma, iliyokuja kuwa Cuban Marimba, na Afrika Mashariki nzima ikacheza. "Sasa wewe mjuta-juta," fundi akaniambia, "angefika Cuba, si angekuwa mpiga muziki mmoja kati ya laki? Aliyemfaa ni aliyemzuia."

Nikasema huyo ni Salum Abdallah, si mimi. Lakini maneno yaliniingia. Barabara usiyopita haina mashimo, na sababu ni kwamba hukuipita. Mimi miaka zaidi ya 40 nimekuwa nikiitengeneza ile barabara ya gitaa. Nimeiwekea lami, taa, mitaro, mpaka vibao. Kwenye barabara hiyo bendi haivunjiki, meneja hali fedha, mimi siugui wala sinywi. Kezilahabi hana lami. Anamshika mtu mkono, anampitisha kwenye njia yake shimo kwa shimo mpaka mwisho, na mwisho wa Rosa ni mzito. Sitauweka kwenye safu ya utani. Lakini nilipofunga kitabu usiku ule nililala bila kufika kwenye gitaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nistaafu.

Ningeishia hapo ningekuandikia safu nzuri yenye mafunzo, ndugu msomaji, tukaagana. Tatizo ni siku ya tatu.

Siku ya tatu nilirudi mwanzoni kutafuta mahali nilipoparuka, nikakutana na barua. Rosa ameandikiwa barua na mvulana. Zakaria anaigundua, na anampiga binti yake kipigo cha kumkomoa. Pembeni yule mwanafunzi wangu mwoga ameandika: "Malezi mabaya. HII ITATOKA."

Nikasoma tena. Baba ambaye hana habari na ada, hana habari na chakula, ana habari na barua. Mtu mzima, barua ya binti, mkononi mwake.

Nikageuka polepole kuangalia droo.

Ndugu zangu, nilikuwa nimekisoma kitabu kizima nikijihesabu kuwa Rosa. Mimi ndiye niliyeonewa, mimi ndiye niliyezimiwa ndoto, mimi na gitaa langu. Kumbe kiti changu kwenye hadithi kilikuwa upande wa pili, karibu na fimbo. Mjomba wangu alishuka na kabichi akaniandikia majuto ya miaka 40. Na mimi, kwa upendo uleule na ukoo uleule, nilikuwa nimekaa na ufunguo mfukoni nakiandalia kizazi kinachofuata majuto yake. Baada ya miaka 30 mpwa wangu angekuwa na kiti chake cha plastiki, anaelekea mlima, anawaambia wapwa zake: "Ajira yangu ya serikali iliishia kwenye droo ya mjomba, juu ya risiti za umeme."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwa Waluguru naomba methali irekebishwe: majuto ni mpwa.

Nikampigia simu aje. Alipofika sikumngoja akae. Nikafungua droo, nikamkabidhi barua kwa mikono miwili kama cheti, nikatoa hotuba niliyoiandaa tangu mchana: kwamba maisha ni yake, kwamba mjomba ni wa kumsindikiza mtu na si wa kumfungia, kwamba Ukerewe ni kwao Kezilahabi na mtu hawezi kupotea kwa Kezilahabi.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ahsante mjomba. Ila hii ni nakala. Mimi ninayo kwenye simu. Tiketi ya Mwanza nilikata juzi."

Nikakaa.

"Kwa hiyo kitabu ulinipa makusudi? Nijione?"

"Hapana mjomba," akasema. "Kilikuwa bei nafuu."

Sijui kama alinidanganya. Walimu wamefundishwa kutunza uso.

Aliondoka alfajiri ya Jumamosi. Dada yangu alilia Msamvu mpaka kondakta akamwuliza kama na yeye anasafiri. Mimi sikulia, niliingiwa na vumbi. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe kwamba amefika Nansio salama, ziwa lilikuwa limetulia, na wanafunzi wa darasa lake ni wengi kuliko madawati. Akaongeza kwamba chumba chake kina maji ya bomba, kila siku. Hilo angeweza kuninyima.

Ratiba yangu ya jioni sijaifuta, maana mstaafu lazima awe na shughuli. Nimeipunguza. Kihonda nakipa dakika kumi, maji nayapa kumi na tano kwa sababu hayo ni majuto ya leo na bado yanauma. Gitaa nimeliondoa. Nafasi yake nasoma, na fundi cherehani anangoja nimalize kurudia Rosa Mistika ili naye akichukue, ingawa ameshaniambia wazi kwamba anachokitaka ni zile sehemu zilizosababisha marufuku.

Wajomba wenzangu, mama wadogo, mababa, na nyote mnaosubiriwa mseme neno juu ya maisha ya mtu mwingine: fungueni droo zenu leo. Mkikuta barua isiyo yenu, mpeni mwenyewe, hata kama ni nakala. Na mtu akiwaambia anataka kupiga gitaa, mwulizeni kwanza anapiga wimbo gani.

Dagaa kutoka Ukerewe wamefika Jumanne, kilo mbili, kwa basi. Wana mchanga. Laiti ningemwambia atume sato.